Gari likinasa, usikanyage mafuta

Masika yakiingia Dar es Salaam huna haja ya kwenda porini kuona gari lililonasa. Baada ya mvua ya usiku mmoja, toka Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo uteremke kuelekea bonde la Jangwani, au pita vichochoro visivyo na lami nyuma ya maghala. Utakuta pikapu iliyojaa marobota ya mitumba, tairi la nyuma limezama hadi usawa wa difu. Dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Tairi linazunguka, tope linaruka, moshi unafuka. Vijana sita wamepangana nyuma, mabega kwenye bodi, wanasukuma huku wakiitikiana. Na gari badala ya kwenda mbele linakwenda chini.

Leo tuzungumze kwa nini linakwenda chini, na jinsi vipande viwili vya ubao vinavyoweza kufanya kazi iliyowashinda injini na vijana sita.

Tairi husukuma gari kwa kushika ardhi. Lami inashikika. Mchanga na tope havishikiki, kwa kuwa chembe zake huteleza zenyewe kwa zenyewe. Ukilizungusha tairi kwa kasi, kila mzunguko unachota udongo wa chini na kuutupa nyuma. Yaani dereva amegeuza tairi lake kuwa jembe. Mwisho wake tumbo la gari linalala juu ya udongo, uzito unapungua kwenye magurudumu, na hapo hata ukilifunga injini ya treni halitatoka.

Halafu kuna difu. Watu wengi hushangaa kuona tairi moja linazunguka kama feni na mwenzake wa upande wa pili ametulia kama hahusiki. Huo si ubovu. Difu ya kawaida imetengenezwa hivyo ili gari liweze kukata kona, maana kwenye kona tairi la nje husafiri mbali zaidi kuliko la ndani. Lakini difu hiyo hiyo haiwezi kulipa tairi lililo pakavu nguvu kubwa kuliko ile inayopokewa na lile lililo kwenye utelezi. Aliye dhaifu ndiye anayewapangia wote wawili. Mzunguko nao unahamia kwake: saa ya mwendo ikionyesha kilomita 40 kwa saa, tairi linaloteleza linazunguka kwa kasi ya 80. Tairi chakavu likizungushwa namna hiyo laweza kupasuka. Na wale vijana sita wamesimama wapi? Nyuma yake.

Sasa, kibao kinafanya nini? Kwanza, kinatandaza uzito. Mahali ambapo tairi lilikuwa linakandamiza eneo la upana wa viganja viwili, sasa linakandamiza urefu mzima wa ubao, na udongo uliokuwa ukizama unaweza kuhimili. Pili, kinalipa tairi kitu cha kushika. Ndiyo sababu kibao kizuri huwa na meno au matundu, na ubao uliopigwa randa ukateleza haufai.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, alianza kuvuka jangwa la Misri na Libya kwa magari ya Ford. Vyuma alivyotandika chini ya magurudumu alivipata kwa muuza chuma chakavu mjini Cairo. Vilikuwa vimetengenezwa kuezekea mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1940 aliunda kikosi cha kupiga doria jangwani, na magari yake yalitembea na vyuma vya namna hiyo. Katika vita hiyo ya pili Wamarekani walitandika viwanja vya ndege kwa mabati mazito yenye matundu, kila kipande kina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 30 hivi. Vita ilipokwisha, mabati hayo yakakatwakatwa na wenye malori. Vibao vya plastiki ngumu vinavyofungwa juu ya magari ya watalii vimeenea baadaye sana, katika miaka ya 2000.

Na sisi wa Kariakoo tunayo sababu yetu ya kulifikiria jambo hili. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi, ambao Waingereza waliwaweka kambini hapa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Walihitajika wapagazi kwa sababu magari yalishindwa. Mvua za mwaka 1917 ziliifurisha Rufiji, njia zikageuka tope, na mzigo ambao lori halikuweza kuubeba ukapandishwa kichwani mwa mtu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Gari likishindwa, mwili wa mtu ndio uliolipa. Nikimtazama utingo aliyeinama kando ya tairi linalozunguka, akijaribu kulisukumizia gogo kwa mkono, naona hesabu hiyo bado inaendelea.

Kwa hiyo nieleze kazi inavyopaswa kwenda, na mwenye lori la kwenda Lindi au Mtwara asikilize kwa makini zaidi. Barabara hiyo anaijua. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilikaa miaka mingi kabla ya kupata lami, na mabasi yalikuwa yakilala humo. Lami nayo si mkataba na mvua: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo hiyo upande wa Kilwa, na mzigo uliotoka Kariakoo ukakaa njiani.

Tairi likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila sekunde unayoongeza ni sepetu moja ya udongo utakayoitoa baadaye kwa mkono. Shuka, tazama. Amua unatokea wapi: mara nyingi kurudi nyuma ndiyo rahisi, kwa sababu njia uliyojia umeshaikandamiza. Kisha chimba. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema, wanatupa kibao juu ya tope na kurudi kwenye usukani. Chimba mbele ya tairi, upande unaotokea, upate mteremko mdogo. Toa udongo uliolala chini ya tumbo la gari. Sepetu ndiyo inayofanya nusu ya kazi, kibao kinamalizia.

Kama ni mchanga na gari ni dogo, punguza upepo. Tairi la paundi 35 likishushwa hadi 18 hivi linalala, unyayo wake unarefuka, na pengine hutahitaji kibao kabisa. Lori lililobeba mzigo ni habari nyingine: usilishushe upepo hivyo, afadhali punguza mzigo wenyewe. Najua hakuna mfanyabiashara anayependa kuona marobota yake yakishushwa njiani.

Kibao kiingizwe tairi likiwa limesimama kabisa, gia imetolewa, breki ya mkono imevutwa. Kisukumwe mpaka kiguse mpira, na kiwekwe chini ya yale matairi yanayoendeshwa na injini. La muhimu kuliko yote ni lile lililokuwa linazunguka bure. Funga kamba kwenye ncha yake, maana kikishakanyagwa kitazama na utakitafuta kwa mikono. Halafu watu wote waondoke, mbele na nyuma. Tairi likikishika kibao vibaya hukirusha kama kombeo, na ubao wenye msumari huo ni silaha. Dereva aingize gia nzito, aachie klachi taratibu, tairi lipande bila kuteleza. Likitoka asisimame kumshukuru mtu mpaka afike pakavu.

Wale wanaovutana kwa kamba ya nailoni, nao wasikie. Kamba hiyo hujinyoosha kabla ya kukatika, na ndoano iliyochomoka hupita kwa nguvu ya kuua. Tupieni gunia lililolowa katikati ya kamba, na watazamaji wasogee mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Watoto wa mtaani hupenda sana kukaa karibu.

Mtu atauliza bei. Vile vya plastiki vya kutoka ng'ambo ni ghali, na chini ya lori zito vinaweza kuvunjika. Kwa lori, mbao mbili nene za mti mgumu, urefu wa mita moja na robo, pana kuliko tairi, zinatosha kuanzia. Mchomelea vyuma wa Gerezani naye anaweza kukukatia bati nene na kukuchomelea vipande vya nondo vikiwa meno. Mwambie alainishe pembe, la sivyo zitachana tairi. Ongeza sepetu na kamba, na vyote vikae mahali panapofikika, si chini ya mzigo. Nimeona lori lenye vibao vizuri kabisa vilivyolaliwa na tani saba za saruji.

Na ukifika kwenye lami, kama ulishusha upepo, ujaze kabla ya kukimbia. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata joto na kupasuka. Pampu ya mkono inachosha. Utingo amechimba saa nzima, basi safari hii dereva apampu.