Vichemraba vya Ardhi Isiyoonekana

Msomaji mmoja ameniuliza: mtandaoni kuna picha zinazoonyesha mchanga na udongo wa mfinyanzi hadi mita 50 chini ya miji ya Uholanzi, na mtu huweza kuzizungusha, kuzikata na kuchungulia ndani. Nani alishuka huko akaona?

Hakuna aliyeshuka. Zilizoshuka ni keekee za mashine za kuchoronga, hapa na pale. Kati ya tundu na tundu kazi imefanywa na hesabu.

Picha hizo zinatoka kwenye mfano wa kompyuta uitwao GeoTOP. Ni kazi ya taasisi ya jiolojia ya Uholanzi iliyo chini ya shirika la utafiti la TNO, na unapatikana bure kwenye tovuti ya DINOloket. Ardhi imegawanywa vipande vya mita 100 kwa 100, unene nusu mita. Wataalamu huviita vokseli. Mimi nachagua vichemraba, ijapokuwa pande zake hazilingani, kwa kuwa mtoto wa shule ya msingi ataelewa mara moja. Kilomita moja ya mraba, kwa kina cha mita 50, ina vichemraba 10,000. Vingi havijawahi kuguswa. Basi vinajazwaje?

Hapa ndipo penye uhondo. Tuseme unataka kujua kama mvua imenyesha kwenye shamba lako la mbali, na msimamizi hapatikani. Unawapigia majirani. Watatu wanaokaa ua mmoja wanasema imenyesha; mmoja, upande wa pili wa shamba, anasema kukavu. Kwa kura, mvua imeshinda. Lakini wale watatu wametazama wingu moja kutoka baraza moja: ni ushahidi mmoja uliosemwa mara tatu. Mwenye busara huwagawia uzito wa karibu shahidi mmoja, na yule wa nne akapata haki yake. Tena anaijua mvua ya kwao. Ikiwa ni ya kutanda, hata jirani wa kilomita kumi anafaa kuulizwa. Ikiwa ni ya radi, inayobagua mashamba, wa kilomita moja hana msaada.

Hesabu iitwayo krigingi hufanya hayo yote. Kwanza hupima jinsi sampuli zinavyoacha kufanana kadiri umbali unavyoongezeka, kisha hugawa uzito. Imepewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliyeandika tasnifu mwaka 1951 kuhusu kukadiria dhahabu ya Witwatersrand. Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia kamili. GeoTOP hutumia ndugu yake: kompyuta hujaza vichemraba mara 100, na kimoja kikitoka mchanga mara 80, uwezekano wake ni asilimia 80.

Penye matundu machache makadirio hulegea, na mjenzi bado atachoronga kiwanja chake.

Lakini bila kumbukumbu za matundu, hesabu haina cha kukadiria. Tangu mwaka 2018, sheria ya Uholanzi inazitaka taasisi za umma ziwasilishe takwimu za chini ya ardhi kwenye daftari la taifa. Nawe ukichimbiwa kisima, mdai mchimbaji karatasi inayotaja kila tabaka na kina chake, na mahali kisima kilipo. Itunze, na nakala uipeleke ofisi ya maji ya eneo lako.