Tezi Iliyonyamaza

Yapo maradhi yanayojitangaza kwa homa, kwa kikohozi au kwa uvimbe, na yapo yanayojificha nyuma ya malalamiko ya kila siku. Ugonjwa wa Sheehan ni wa kundi hili la pili. Huwapata wanawake, nao huanza siku ile ile ya kujifungua. Lakini huweza kupita miaka kumi au zaidi kabla haujatambuliwa. Katika muda huo mgonjwa hutibiwa maradhi mengine, na tiba mojawapo kati ya hizo yaweza kumwua. Namna ya kuutambua ni mfano mwema wa fikra za kisayansi zikitumiwa kuokoa maisha.

DALILI ZILIZOTAWANYIKA

Na uchukuliwe mfano wa mama aliyejifungua mtoto mzima, lakini yeye mwenyewe akatokwa na damu nyingi hata akazirai. Damu ilipokoma alipata nafuu, akarudi nyumbani. Maziwa hayakutoka. Akapewa uji wa pilipili manga na supu, wala yasitoke. Miezi ikapita, hedhi nayo isirudi. Nywele zilizonyolewa kabla ya kujifungua hazikuota tena, na zile za kwapani zikapukutika. Mwaka wa pili alijifunika nguo nzito wakati wenzake walipokuwa wakitokwa na jasho. Akawa mzito wa mwendo na wa kufikiri. Nyumbani akaitwa mvivu. Wengine wakanong'ona kwamba amerogwa.

Kila dalili humpeleka mgonjwa kama huyo kwenye mlango wake. Kwa uchovu hupewa vidonge vya kuongeza damu. Kwa kukosa hedhi huambiwa kwamba amekoma mapema. Kwa baridi na uzito wa mwili hushukiwa udhaifu wa tezi ya thairoidi, na kwa huzuni hushukiwa maradhi ya akili. Kila jibu lina chembe ya ukweli, walakini hakuna hata moja linaloeleza mambo yote kwa pamoja.

MNYAPARA WA TEZI

Chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa kilicho nyuma ya pua, mna tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama wa punje ya mbaazi, na uzito wake ni takriban nusu gramu. Udogo huo usimdanganye mtu, kwani tezi hii ndiyo mnyapara wa tezi nyingine. Sehemu yake ya mbele hutoa homoni zinazoiamuru thairoidi iliyo shingoni itengeneze thairoksini, adrenali zilizo juu ya figo zitengeneze kortisoli, na ovari zitengeneze estrojeni. Homoni yake nyingine, prolaktini, huyaamuru matiti yatengeneze maziwa.

Wakati wa mimba pituitari hunenepa, hasa kwa sababu seli zitengenezazo prolaktini huongezeka. Mahitaji yake ya damu huongezeka pia, lakini damu hiyo huifikia sehemu ya mbele kwa kupitia mishipa midogo yenye msukumo hafifu. Basi mzazi akitokwa na damu nyingi na msukumo wa damu ukaporomoka, seli za tezi hukosa oksijeni zikafa. Zikisalia nyingi, huenda mwanamke asione dhara lolote. Zikisalia chache, mnyapara hunyamaza, na tezi zilizo chini yake hulegea, moja baada ya nyingine.

KUTOKA MAITI HADI TONE LA DAMU

Mwaka 1914 Morris Simmonds, mtaalamu wa Hamburg nchini Ujerumani, alieleza habari za mwanamke aliyekufa akiwa na pituitari iliyosinyaa, miaka mingi baada ya kuugua vikali maambukizo ya uzazi. Kwa hiyo lawama ziliwekwa juu ya vijidudu. Mwaka 1937 Harold Sheehan, aliyekuwa akifanya utafiti katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, Uskochi, alionyesha kwamba chanzo halisi cha kufa kwa tezi ni kupotea kwa damu na kuporomoka kwa msukumo wake. Jambo hilo alilipata kwa kuchunguza maiti za wanawake waliofariki baada ya kujifungua.

Lakini walio hai walihitaji njia nyingine. Homoni zimo damuni kwa kiasi kidogo mno hata mizani za kawaida za kemia hazikuweza kuzipima. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja mjini New York, mwanafizikia Rosalyn Yalow na daktari Solomon Berson walibuni njia ya kuzipima kwa kutumia vitu vyenye mnururisho. Yalow alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1972. Tangu hapo tone la damu limeweza kusema yale yaliyosemwa na maiti tu.

NAMBA MOJA HAITOSHI

Mnyapara mzima, aonapo kazi inalegea, hupaza sauti. Thairoidi ikiugua yenyewe, thairoksini hupungua, na pituitari huongeza homoni ya kuiamuru. Hali kadhalika, ovari zikikoma kwa sababu ya umri, estrojeni hupungua na homoni za kuziamuru hupanda sana. Kwa mwenye ugonjwa wa Sheehan mambo ni kinyume: thairoksini iko chini, estrojeni iko chini, na amri hazipandi. Kazi imesimama, na mnyapara yu kimya. Hitilafu iko juu.

Hapa ndipo ulipo mtego. Mara nyingi hupimwa ile homoni ya kuiamuru thairoidi peke yake. Katika ugonjwa huu yaweza kuonekana ya kawaida, na mgonjwa akarudishwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba thairoidi yake ni nzima. Ni lazima amri na kazi zipimwe pamoja, ndipo maana ipatikane.

UTARATIBU WA TIBA

Homoni zilizopungua hurudishwa kwa dawa, lakini kwa utaratibu maalumu. Ya kwanza ni kortisoli, au dawa ya jamii yake. Thairoksini hufuata baadaye. Utaratibu huu ukigeuzwa, thairoksini huharakisha shughuli za mwili na kuimaliza kortisoli kidogo iliyosalia. Msukumo wa damu huanguka, sukari hupungua damuni, na mgonjwa huweza kupoteza fahamu na kufa. Ndiyo maana kumtibu mwanamke kama huyu kana kwamba thairoidi peke yake ndiyo mgonjwa ni hatari. Akifuata tiba barabara, huishi na kufanya kazi kama wenzake, ila kila apatapo homa kali au upasuaji, kipimo cha dawa ya kortisoli hubidi kiongezwe.

SWALI LISILO NA GHARAMA

Vipimo vya homoni havipatikani katika kila zahanati. Lakini njia ya kuvifikia huanza kwa maswali matatu yasiyohitaji mtambo wowote: Je, ulipojifungua mara ya mwisho ulitokwa na damu nyingi? Je, maziwa yalitoka? Je, hedhi ilirudi? Mwanamke ajibuye ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa mawili yafuatayo anastahili kupelekwa kwenye hospitali yenye maabara, hata kama uzazi huo ulikuwa miaka kumi na mitano iliyopita.

Na lililo bora zaidi ni kinga. Sindano ya oksitosini mara tu mtoto azaliwapo, mkunga mwenye ujuzi, na damu iliyo tayari katika benki ya damu huzuia maafa haya kabla hayajaanza. Mwanafunzi atakayechangia damu baada ya kutimiza umri unaoruhusiwa huenda asijue kamwe kwamba ameiokoa pituitari ya mtu.