Siri ya oili inayojazwa ndani ya tapeti kabla injini haijawaka

GARI lililolala nje usiku kucha aghalabu huamka likigonga. Dereva anapoliwasha alfajiri, husikia kutoka juu ya injini mlio mwembamba wa tak-tak-tak unaokwenda sambamba na kasi ya injini. Baada ya sekunde chache, oili ikishapanda, mlio hunyamaza na safari huanza. Wenye magari wengi wameuzoea na hawaujali.

Kuna injini, hata hivyo, ambazo mlio huo haukomi. La kushangaza ni kwamba baadhi ya injini hizo zimetoka gereji juzi tu, zikiwa zimetiwa vipuri vipya ambavyo mwenyewe alivilipia pesa si haba. Fundi hulaumu duka la vipuri, mwenye duka humlaumu fundi, naye mwenye gari hubaki katikati akitazama bili.

Mara nyingi kiini cha ugomvi huo ni hewa. Hewa imejipenyeza mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimefanya kila jitihada isiwepo, yaani ndani ya kifaa kidogo kiitwacho tapeti ya haidroliki.

Kila silinda ya injini ina vali za kuingiza hewa au mchanganyiko wa hewa na petroli, na nyingine za kutoa moshi. Vali hizo husukumwa na nundu zilizo kwenye mhimili ambao mafundi huuita kamshafti. Injini ya gari la kawaida inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka nusu ya kasi hiyo, kumaanisha kwamba kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja.

Tatizo ni joto. Chuma kikipata moto hurefuka, na vali ni chuma. Iwapo hakuna nafasi yoyote baina ya vali na kinachoisukuma, vali iliyorefuka hushindwa kufunga barabara, gesi za moto hupenya pembeni mwake na hatimaye vali huungua. Ndiyo maana tangu zamani mafundi walilazimika kuacha mwanya wa sehemu ndogo ya milimita, wakiupima kwa vibapa vyembamba vya chuma na kuurekebisha tena kila baada ya muda. Mwanya ukizidi, injini hupiga kelele. Ukipungua, vali huungua.

Waundaji wa magari wa Marekani walitafuta njia ya kuondokana na adha hiyo. Gari la Cadillac lenye silinda 16, lililozinduliwa mwaka wa 1930, lilikuwa na vifaa vya haidroliki vya kuziba mwanya huo, nayo kampuni ya Pierce-Arrow ikafuata kwa tapeti za haidroliki mwaka wa 1933. Wanunuzi wa magari hayo ya kifahari walitaka injini isiyosikika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia teknolojia hiyo ilishuka hadi kwa magari ya watu wa kawaida, na kufikia katikati ya miaka ya themanini Volkswagen ilikuwa ikiitumia katika injini zake ndogo.

Si kila gari linalokwenda kwenye barabara za Kenya lina tapeti za aina hii. Injini ya Toyota 1NZ-FE, inayopatikana katika Probox na Vitz nyingi, hutumia tapeti za chuma kitupu. Mwenye gari la namna hiyo akiambiwa kwamba tapeti zake za haidroliki zimeharibika, ana haki ya kuuliza maswali. Lakini injini za Toyota zilizokuja baadaye, kama vile 2ZR-FE ya petroli na 1GD-FTV ya dizeli, zina vifaa vya haidroliki, sawa na injini nyingi za Mitsubishi na Volkswagen.

Tapeti ya haidroliki ni kikombe cha chuma ambacho ndani yake mna pistoni ndogo. Chini ya pistoni hiyo kuna chumba kidogo cha shinikizo chenye springi, na juu yake kuna akiba ya oili inayotoka kwenye mfumo wa oili wa injini. Baina ya akiba na chumba kuna tundu linalolindwa na gololi, ambayo huruhusu oili kuteremka lakini huizuia isirudi.

Nundu inapoisukuma tapeti, gololi hufunga tundu na oili iliyo chumbani hukosa pa kwenda. Kwa kuwa oili haiminyiki kwa urahisi, tapeti nzima huwa ngumu kama kipande kimoja cha chuma na vali hufunguka. Kiasi kidogo mno cha oili huvuja kandokando ya pistoni. Nundu ikishapita, springi huinua pistoni hadi pengo lolote lizibike, gololi hufunguka, na oili mpya huja kushika nafasi ya ile iliyovuja. Vali ikirefuka kwa joto, tapeti hujifupisha. Chuma kikilika kwa miaka mingi, tapeti hujirefusha. Hakuna mwanya wa kupimwa.

Utaratibu huo wote umejengwa juu ya sharti moja: ndani ya chumba kuwe na oili pasiwe na hewa. Anayetaka kuona sababu na achukue bomba la sindano, alijaze maji, kisha azibe mdomo wake kwa kidole gumba na kusukuma. Halisogei. Akiacha povu dogo la hewa ndani yake, kijiti cha kusukumia huteremka. Hewa humenywa kwa wepesi maelfu ya mara kuliko oili. Tapeti yenye povu hudidimia kila nundu inapoigonga. Vali haifunguki kikamilifu, na katika kurudi, vyuma hukutana kwa kishindo badala ya kugusana taratibu. Huo ndio mlio wa tak-tak.

Kuiondoa hewa hiyo si kazi nyepesi, na ndiyo inayoumiza vichwa vya wahandisi viwandani. Uwazi kati ya pistoni na ukuta wa tapeti ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Hakuna mashine inayoweza kukata kila kipande kwa usahihi wa kutosha ili pistoni yoyote iingie katika tapeti yoyote. Kwa hivyo vipande hupimwa kimoja kimoja, hupangwa katika makundi kwa kufuata upana wake, kisha kila pistoni huoanishwa na mwili unaoifaa. Fundi anayefungua tapeti nane kwa pamoja, akaziosha ndani ya karai moja na kuchanganya pistoni zake, huwa ametenganisha jozi ambazo hazina mbadala.

Tapeti ikishaunganishwa, chumba chake huwa kimezibwa na gololi upande mmoja na kuzingirwa na chuma pande nyingine zote. Ukiimiminia oili kutoka juu, hewa iliyo chini haina njia ya kutokea. Ni sawa na kujaribu kujaza chupa kwa kuizamisha ndani ya ndoo ya maji huku mdomo wake ukitazama chini.

Mojawapo ya njia za kulitatua jambo hilo ni kuunganisha vipande vikiwa vimezama ndani ya oili. Njia hii ni rahisi, ila viputo vya hewa hung'ang'ania kwenye kona na springi, na takataka yoyote iliyo ndani ya oili huingia pamoja nayo. Chembe moja ikikaa chini ya gololi, kifaa kimeharibika kabla hakijafanya kazi.

Njia ya pili ni kuizamisha tapeti iliyokwisha kuunganishwa, kuisukuma gololi kidogo kwa waya mwembamba, kisha kuibonyeza na kuiachilia pistoni mara kadhaa hadi viputo vikome. Vitabu vya huduma vya Mitsubishi huwaelekeza mafundi kufanya vivyo hivyo wakati wa ukarabati, wakitumia dizeli safi badala ya oili. Dizeli ni nyepesi, hivyo hupenya haraka na kuiachia hewa njia.

Ya tatu, inayofaa pale tapeti zinapotengenezwa kwa maelfu, ni ya ombwe. Tapeti huwekwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa na pampu hufyonza hewa yote, pamoja na ile iliyo chini ya pistoni. Kisha oili huachiliwa ndani na shinikizo la kawaida la hewa hurejeshwa. Kwa kuwa ndani ya tapeti hakuna kitu cha kupingana nayo, oili husukumwa hadi kwenye kila pembe.

Hata hapo pana mtego. Oili iliyokaa wazi huwa imeyeyusha hewa ndani yake, takriban asilimia 9 ya ujazo wake, hata kama jicho halioni kiputo chochote. Ikiingizwa kwenye ombwe ikiwa katika hali hiyo, huchemka povu kama soda iliyotikiswa. Ndiyo maana oili yenyewe hutangulia kutolewa hewa kabla ya kukutana na tapeti.

Baada ya kujazwa, tapeti husukumwa kwa nguvu inayojulikana na kuangaliwa imedidimia kiasi gani. Ikibonyea kama mpira, ina hewa na hurudishwa. Halafu huja kipimo cha muda: pistoni hubebeshwa mzigo maalumu na kuhesabiwa sekunde inazochukua kuteremka umbali uliowekwa. Inayozama upesi mno itapiga kelele oili ikiwa ya moto na nyepesi. Inayokawia mno ni ya hatari zaidi, kwa sababu haitajifupisha kwa wakati na inaweza kuiacha vali ikiwa wazi.

Baadhi ya watu huuliza kwa nini tapeti isiachwe tupu, maadamu injini ina pampu ya oili. Jibu ni kwamba pampu hiyo haiwezi kuifyonza hewa iliyonaswa; inaweza tu kuileta oili hadi mlangoni. Hewa yenyewe italazimika kutoroka kidogo kidogo kupitia uwazi ule wa mikroni chache. Wakati huo wote nundu zinagonga chuma badala ya kukisukuma, tena katika dakika za mwanzo ambapo injini mpya haijapata oili ya kutosha kila mahali. Aidha, kiwanda cha magari hupima injini mpya kwa kuisikiliza, na kelele za tapeti tupu zingefunika kasoro nyingine.

Kwa upande mwingine, kujaza kupita kiasi nako ni balaa. Tapeti iliyojaa huku pistoni yake ikiwa imeinuka hadi mwisho ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Kamshafti ikifungwa juu yake, vali hubaki imefunguka, na injini ikizungushwa kwa stata, pistoni kubwa ya silinda hupanda na kuigonga. Vali hupinda. Hilo ndilo kosa la bei ghali kuliko yote katika kazi hii, na hufanywa na fundi mwenye nia njema aliyezipampu tapeti zikawa ngumu kama mawe, kisha akaharakisha kumkabidhi mteja gari lake.

Vitabu vya huduma vya Volkswagen huagiza kwamba baada ya kufunga kamshafti na tapeti mpya, injini isiwashwe kwa takriban dakika 30, ili tapeti zipate kuvuja na kukaa kimo chake. Baada ya hapo injini huzungushwa polepole kwa mkono mizunguko miwili kamili kuhakikisha hakuna vali inayogongwa. Nusu saa hiyo huonekana ndefu kwa gereji yenye foleni ya magari, lakini ni fupi ikilinganishwa na siku za kung'oa tena kichwa cha injini.

Oili iliyojazwa kiwandani, basi, ni sehemu ya kipuri kama ilivyo springi au gololi. Mtengenezaji anapofungasha tapeti zikiwa wima, hafanyi hivyo kwa urembo. Zikilazwa ubavu kwenye rafu ya duka kwa miezi kadhaa, au zikimwagwa ndani ya mfuko pamoja na misumari na filta kuukuu, oili huweza kuchuruzika na hewa ikachukua nafasi yake. Fundi anayeziosha kwa petroli kabla ya kuzifunga, kwa kudhani kwamba ile ni grisi ya kuzuia kutu tu, hutupa kazi yote iliyofanywa na pampu ya ombwe. Zile zinazotolewa kutoka kwenye injini na kutarajiwa kurudishwa hupaswa kupangwa kwa utaratibu zilimotoka, na zile za umbo la kikombe huwekwa uso wake bapa ukiwa chini ili zisimwage oili.

Si haki, lakini, kumbebesha fundi kila lawama. Tapeti iliyotoka kiwandani bila dosari hujazwa hewa upya na gari lenyewe ikiwa oili katika sampu imepungua hadi pampu ikaanza kufyonza hewa. Kinyume chake pia ni kweli: oili ikizidi alama ya juu, kranki huipigapiga hadi ikawa povu, na povu hilo ndilo linalopelekwa kwenye tapeti. Oili iliyocheleweshwa kubadilishwa huacha utando unaonata kwenye pistoni. Nako kumimina oili nzito kuliko iliyopendekezwa, mbinu inayopendwa na wauzaji wa magari yaliyochoka, hunyamazisha mlio kwa siku chache huku ikikawia kufika juu kila asubuhi.

Kwa injini inayogonga baada ya ukarabati, jambo la kwanza ni kupima kimo cha oili na shinikizo lake. Vikiwa sawa, injini ikishapata moto huongezwa kasi taratibu hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, ikaachwa irudi chini, na zoezi hilo kurudiwa mara kadhaa. Hewa iliyobaki aghalabu hutoka hivyo. Tapeti itakayoendelea kugonga baada ya hapo ndiyo ya kutolewa na kubonyezwa kwa kidole. Ikibonyea kwa wepesi, ama bado ina hewa, ama gololi yake haifungi.