Hiyo Jaketi Yako ya Mitumba Ilitengenezewa Ski: Cheki Vile Likizo ya Theluji Hufanya Kazi

Msee, cheki mkono wa kushoto wa ile jaketi nzito ulichagua kwa mitumba hapa Kitengela baridi ya Julai ilipoanza kuuma. Kuna kamfuko kadogo ka zipu karibu na pale saa hukaa? Wengi hudhani ni ka kuweka fare ya mathree. Zii. Hako ni ka kuweka kadi ya lifti ya mlima. Ukifika kwa geti unapitisha mkono, mashine inasoma kadi, geti inafunguka.

Ingia ndani ya jaketi. Ukipata kitambaa cha elastiki kimezunguka kiuno na vifungo, hicho huzuia theluji isiingie mgongoni ukianguka. Msee wa boda hukitumia kuzuia upepo wa Namanga Road na kinafanya kazi fiti, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo.

So jaketi yako ilizaliwa kwa likizo. Likizo yenyewe inakaaje?

Chukua kijiji kama St. Anton am Arlberg, huko Austria. Treni inasimama katikati ya kijiji. Msee anaitwa Hannes Schneider alianzisha shule ya ski hapo 1921, na hadi leo watu hutoka kila pembe ya Ulaya kuja kuteleza. Na shika hii: kijiji kiko mita 1,304 juu ya bahari. Kitengela iko kama mita 1,500. Yaani sisi tuko juu kuwaliko! Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta na wao wako mbali kaskazini, alafu milima yao hapo inapita mita 2,800. Ndio maana theluji inakaa kuanzia Desemba hadi Aprili.

Siku ya mtalii ni simple. Asubuhi anapanda lifti, anashuka akiteleza, anapanda tena, hadi miguu iseme imetosha. Njia zimepewa rangi: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya wale wamezoea, nyeusi ni ya wale hawaogopi. Sheria kubwa ni moja: aliye mbele yako ana haki ya njia, wewe wa nyuma ndiye unaepuka. Kinyume kabisa na mathree zetu.

Sasa hapa ndio wengi hukosea. Tunadhani ski ni ya matajiri kwa sababu vifaa ni ghali. Lakini watalii kibao hawana ski zao. Wanakodisha, vile wewe hukodisha suti ya harusi. Duka huandikwa Skiverleih, na ukiingia hupewi tu kitu uende.

Kwanza mguu unapimwa kwa sentimita. Buti ya ski lazima ibane: kisigino kisicheze, lakini vidole visiumie. Alafu ski zenyewe: mtu anayejifunza hupewa fupi, za kufika hivi kidevuni, kwa sababu ni rahisi kugeuza. Mwisho, fundi anauliza kilo zako, urefu, umri, na kama umewahi kuteleza. Hapo usilete story za jaba. Hizo namba ndizo anatumia kuset kile kifaa kinachoshika buti kwa ski. Ukianguka, kinafaa kuachilia buti kabla mguu uvunjike. Ukidanganya kilo ama ukijifanya pro, kinaweza kukataa kuachilia, na mfupa ndio utalipa.

Ski na buti hukodishwa kama euro 30 hadi 50 kwa siku. Kinachouma ni lifti. Kwa milima mikubwa kama Arlberg, kadi ya siku moja inapita euro 70, karibu thao kumi za Kenya. Ongeza hoteli, mwalimu, ndege na viza ya Schengen. Viza peke yake ni euro 90 na ukinyimwa hurudishiwi. Pia lazima uwe na bima ya angalau euro 30,000. Uliza kama hiyo bima inashika ajali za ski, juu ukivunjika juu mlimani na helikopta ikuchukue, bill inakuja kwako.

So mlango si vifaa. Mlango ni lifti, na doo ya kuendelea kuipanda.

Cheki Sabrina Simader. Alizaliwa Kilifi 1998, mamake akaolewa Austria, akahamia huko akiwa na miaka mitatu. Baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya ski. Mtoto wa Kilifi akapata mlima na lifti karibu na nyumbani, na 2018 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwa Olimpiki za baridi, Pyeongchang. Amesema hadharani kwamba doo ya mazoezi ndiyo imekuwa ngori. 2022 kule Beijing, Kenya haikuwa na mtu hata mmoja.

Kabla yake kulikuwa na Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret. Nike walimlipia akajifunze ski Finland 1996, na 1998 akashindana Nagano, kilomita 10. Alimaliza wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwa laini amkumbatie. Boit akaita mtoto wake Dæhlie. Mwili wa Mkenya haukuwahi kuwa shida.

Na Kilimanjaro je, si tunaiona poa kutoka Loitoktok? 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteleza huko na ski. Leo hiyo barafu inaisha. UNESCO ilisema 2022 kwamba inaweza kuwa imeisha kufikia 2050. Sahau hiyo plan.

Ukitaka kujaribu kwa ukweli, angalia kusini. Afriski iko Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu, na msimu wake ni Juni hadi Agosti. Njia kuu ni fupi, kama kilomita moja, lakini inatosha kujifunza, na ski, buti na nguo zinakodishwa hapo hapo. Unapita Johannesburg, alafu barabara ya kama masaa matano. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Confirm pia masharti ya Lesotho kabla ukate tiketi. Kama uko na cousin anafanya kazi Dubai, Ski Dubai iko ndani ya mall tangu 2005, na tiketi inakuja na nguo na vifaa.

Na ukienda, beba jaketi yako ya Kitengela. Hiyo hautahitaji kukodisha.