Kuhama FL Studio: Sengenya Tutaibebaje? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi sauti inavyotoka kwenye maikrofoni, ikapita kwenye kadi ya sauti hadi ndani ya kompyuta. Leo tunalijibu swali ambalo vijana wenye studio ndogo kuanzia Ng'ombeni, Ukunda na Diani hadi Msambweni, hapa Kwale, Kenya, huulizana kila wakutanapo: nimejifunza kazi kwa FL Studio, sasa nasikia wenzangu wanahamia programu nyingine, je, na mimi nihame? Na nikihama, nyimbo zangu za miaka yote zitakwenda wapi?

FL Studio ilianzia Ubelgiji mwishoni mwa 1997 ikiitwa FruityLoops. Mtunzi wake ni Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line, na jina la sasa ilipewa mwaka 2003. Ilikuwa chombo cha kupanga midundo tu: visanduku 16 kwa mstari, unabonyeza pale unapotaka pigo lilie, na biti imeanza. Kijana ambaye hajui noti wala hajawahi kugusa kinanda aliweza kutunga kitu cha kusikilizwa siku hiyohiyo. Singeli ya Dar es Salaam, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, imekuzwa sana kwa programu hii. Isitoshe, aliyeinunua mara moja hupewa matoleo yote yajayo bila malipo mengine. Hizo ni sababu nzito za kubaki, na anayetengeneza biti za waimbaji wa kizazi kipya simwoni akiwa na haja ya kwenda popote.

Tatizo huanza mtu anapotoka kwenye biti na kuiendea ngoma yenyewe.

Chakacha huligawa pigo kwa matatu, na ngoma nyingi za Wadigo ni hivyohivyo. Visanduku 16 huligawa pigo kwa manne. Prodyuza anayelazimisha chakacha ikae kwenye visanduku hivyo hupata mdundo unaochechemea, na mama aliyezaliwa na chakacha hatanyanyuka kitini kwa mdundo huo. Lakini dawa imo humohumo: fungua mipangilio ya projekti, kisha badilisha hatua za kila pigo kutoka 4 ziwe 3 au 6. Toleo la 20, lililotoka mwaka 2018, likaongeza uwezo wa kubadilisha mizani hata katikati ya wimbo. Basi anayehama kwa hoja kwamba FL haijui chakacha, na afungue kwanza ukurasa huo wa mipangilio.

Sengenya, nayo ngoma ya Wadigo, ni habari nyingine. Kuna ngoma za chapuo, msondo na vumi. Kuna kayamba na upatsu. Na juu ya vyote hivyo inalia nzumari. Mpigaji wake hukusanya hewa mashavuni, akavuta pumzi kwa pua huku mdomo ukiendelea kupuliza, sauti isikatike. Hakuna mashine inayowahesabia wapigaji. Mwendo hupanda kadiri wachezaji wanavyopamba moto, na hushuka kiongozi anapotaka ushuke. Tena sauti za nzumari hazikai sawasawa juu ya zile sauti 12 za kinanda. Ukiipitisha kwenye plagini ya kunyoosha sauti, ile tunayowawekea waimbaji, kila sauti itavutwa hadi kwenye noti ya kinanda iliyo karibu nayo, na hutakuwa na nzumari tena. Nimesikia rekodi za namna hiyo na zimenisikitisha, kwa kuwa mpigaji alifanya kazi yake kikamilifu na kompyuta ikaiharibu.

Muziki kama huo haupangwi kwa visanduku, bali hunaswa. Unahitaji maikrofoni sita au nane zifanye kazi kwa wakati mmoja, kila moja na traki yake, nusu saa nzima bila kusimama. FL Studio inaweza kunasa sauti, ila toleo lake la bei ya chini, liitwalo Fruity, haliwezi. Ni lazima uwe na Producer au la juu zaidi. Hata ukiwa nalo, mpango mzima wa programu umejengwa juu ya vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa. Kukata na kuunga rekodi ndefu ya watu wanane mle ndani kunawezekana, lakini kunachosha kuliko inavyostahili. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuhama, nami naikubali.

Wahamie wapi? Kwa studio za pwani ya kusini nitataja Reaper kwanza. Iliandikwa na Justin Frankel, yuleyule aliyeunda Winamp ambayo wengi wetu tulisikilizia nyimbo kwenye kompyuta zetu za mwanzo, na ilitoka rasmi mwaka 2006. Faili lake la kusakinisha halifiki hata megabaiti 50, kwa hiyo bando dogo linatosha kulipakua, na laptopu ya zamani hulibeba bila kulalamika. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Traki yoyote hupokea chochote, sauti au noti. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba rekodi huandikwa kwenye diski papo hapo inaponaswa, na projekti unaweza kuipangia ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache. Umeme wetu tunaujua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na kukatika kwa kawaida hakuhitaji tarehe. Aliyekuwa akinasa kwa njia hii kwa kawaida hupoteza sekunde za mwisho, si kazi nzima.

Mwanamuziki wa hoteli za Diani ana shughuli tofauti. Yeye anatumbuiza usiku kwa usiku, anataka sauti za nyuma zianze pale anapokanyaga swichi, na leo ashushe ufunguo wa Jambo Bwana kwa kuwa mwimbaji ana mafua. Wimbo huo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 bado ndio unaotakiwa na wageni. Kwa kazi hiyo Ableton Live, iliyotoka Berlin mwaka 2001, imetengenezwa hasa. Mwenye kompyuta ya Apple atafikiria Logic. Cubase, ambayo ipo tangu 1989, ina nguvu ya kufuata mwendo wa wapigaji na kuuchorea ramani baada ya rekodi. Reaper nayo huweza, kwa mkono zaidi.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe. Faili la projekti la FL Studio hufunguliwa na FL Studio peke yake, na programu nyingine nyingi ni hivyohivyo kwa mafaili yao. Mwaka 2023 kampuni za Bitwig na PreSonus zilitoa muundo wa wazi unaoitwa DAWproject ili projekti iweze kusafiri, na Cubase 14 imeupokea, lakini si programu zote zilizomo, kwa hiyo usiutegemee. Vinavyosafiri kwa hakika ni viwili: sauti katika mafaili ya WAV, na noti katika mafaili ya MIDI, muundo ambao mpaka leo kila programu inausoma. Vinavyobaki nyuma ni vinanda na madoido ya FL yenyewe, pamoja na mabadiliko yote uliyoyachora ya kupandisha na kushusha.

Kwa hiyo fanya hivi. Tengeneza nakala ya projekti kwanza, usiguse ya asili. Andika pembeni kasi ya wimbo, ufunguo na mizani. Kisha toa WAV ukichagua zigawanywe kwa traki za mikisa, zote zianze sekunde ya mwanzo kabisa hata kama ala yenyewe inaingia dakika ya tatu. Ukiruka hilo utakesha ukitafuta kila kitu kilianzia wapi. Toa mara mbili: seti moja ikiwa na madoido, nyingine ikiwa kavu. Chagua biti 24, na kiwango kilekile ulichorekodia, 44,100 au 48,000. Faili la 44,100 likichezwa kama la 48,000 bila kugeuzwa, muziki unakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda nusutoni moja na nusu, na nzumari ya mzee inageuka ya mtoto. Kwa upande wa noti, FL ina amri ya kutayarisha projekti kwa ajili ya kutoa MIDI. Amri hiyo huivua projekti vinanda vyake vyote, ndiyo maana nimeanza kwa kusema tengeneza nakala. Toa pia mchanganyiko mzima wa wimbo uwe faili moja. Upande wa pili utaupanga kando ya traki zako na kuusikiliza, uone kilichopotea njiani.

Nafasi nayo ihesabiwe mapema. Maikrofoni moja kwa biti 24 na 48,000 hula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Maikrofoni nane kwa nusu saa zinafika kama gigabaiti 2. Unapomtumia mwenzako wa Nairobi au Dar, geuza kuwa FLAC: hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote cha sauti, jambo ambalo MP3 haiwezi kukuahidi.

Usihame ukiwa katikati ya kazi ya mteja. Maliza kwa programu uliyoizoea, na wimbo unaofuata uuanzie kwenye programu mpya. Vidole vina mazoea yake, na wiki za mwanzo utajiona mzembe, hilo hupita.

Kuna jambo linalonikera zaidi kuliko uchaguzi wa programu. Studio nyingi hapa zinatumia nakala zilizovunjwa kufuli, au zile za majaribio. FL ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi projekti lakini haikufungulii tena mpaka ununue. Kazi ya miezi imefungiwa humo. Hata walionunua kihalali hawana uhakika wa milele. Mwaka 2002 Apple iliinunua kampuni ya Emagic, na Logic ya Windows ikakomeshwa. Waliokuwa nayo wakabaki na toleo la zamani. Novemba 2017 Gibson ilitangaza kuacha kuiendeleza Cakewalk, programu iliyotumiwa kwa miaka 30. Februari 2018 BandLab ya Singapore ikaichukua, kisha ikaitoa bure, na hiyo ilikuwa bahati tu. Maamuzi hayo hufanywa mbali sana na Kwale, bila mtu kutuuliza.

Na vilivyomo katika projekti zetu si biti pekee. Kuna sengenya za Msambweni, kayamba za Kinango, nzumari na filimbi za chivoti za wazee ambao baadhi yao hawatarekodiwa tena. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye urithi huo. Prodyuza ameshika amana ya watu, basi haifai kuiweka ndani ya faili linalofunguliwa na kampuni moja tu duniani.

Ombi langu kwa kila mwenye studio kuanzia Likoni hadi Vanga: wiki hii, kabla hujasakinisha programu yoyote mpya, fungua projekti zako za zamani zenye ngoma na sauti za wazee. Toa WAV za kila traki, katika folda moja na karatasi ya maelezo: majina ya wapigaji, ala, kijiji, tarehe. Nakala moja ikae kwako, ya pili kwenye diski iliyo nyumba nyingine, na ya tatu mkabidhi kiongozi wa kikundi.

Wiki ijayo: namna ya kuweka maikrofoni mbele ya nzumari na msondo.