Mapambo ya Kazi ya Mikono, na Hesabu Yake



Katika masoko ya Kasulu na Kibondo, kando ya maharagwe, mihogo na ndizi, huonekana mara kwa mara vitu vidogo vilivyotandazwa juu ya kitambaa: mikufu ya shanga, bangili za waya, vipuli, vikuku vya watoto, na mikoba midogo ya kusuka. Mwenye kuvitengeneza huketi nyuma yake. Mnunuzi huinua kimoja, hukigeuza, hutaja bei ndogo, na mwenyewe hukubali, maana jua linakwenda na nyumbani chumvi imekwisha. Jioni huhesabu fedha alizopata, wala hahesabu saa alizozitoa. Neno hilo ndilo tutakalo kulinena mwezi huu. Nyumba zetu nyingi zina mikono yenye ufundi, na ufundi huo waweza kuwapatia watoto madaftari na sare, au waweza kuila siku ya mama bure. Linalotenga haya mawili ni usafi wa kazi, na hesabu.

Kazi yenyewe si ngeni katika nchi ya Waha. Wazee wetu walisifiwa kwa uhunzi, na majembe yao yaliuzwa mbali na tanuru zilikofuliwa. Waya nyembamba ya shaba ilizungushwa juu ya nyuzi au nywele za mkia, pindo kwa pindo, hata ikawa udodi wa kuvaa mguuni. Na waya nene iliviringwa ikawa vitindi vya mkono. Shanga nazo zilipanda kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, kabla reli haijafika Kigoma mwaka wa 1914. Nyingi zilikuwa zimetoka mbali zaidi, huko Venice katika Italia.

Richard Burton na mwenziwe John Speke walifika Ujiji mwaka wa 1858, na Burton aliandika habari nyingi za shanga. Anasema kwamba kila nchi ilikuwa na aina yake iliyopendwa, na rangi yake, na kipimo chake. Ushanga mwekundu uitwao samesame ulipendwa hata watu wakaupa jina la "kivunja-mji", kwa jinsi wanawake walivyoutamani. Lakini msafiri aliyechukua aina isiyotakiwa aliweza kuwa na mizigo mizima ya shanga, na huku watu wake wakakosa chakula, kwa sababu hakuna aliyezitaka. Basi tuliweke neno hili akilini: pambo halina bei mpaka apatikane alipendaye.

Katika Ujiji shanga zilikuwa ndizo fedha zenyewe. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka wa 1874, alieleza habari za zile zilizoitwa sofi, ambazo zilifanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakawabadilishia wale waliotaka kununua. Soko lilipofungwa, watu wale wale walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi, wakapata faida jioni, wala hawakulima wala hawakufua. Tangu zamani hizo faida ya ushanga imemfuata yeye ajuaye kuhesabu.

Sasa tutazame vitu vilivyo karibu nasi leo. Mapambo yaweza kufanywa bila fedha nyingi, kwa ukindu, nyuzi za mgomba, vipande vya kitenge, waya, na hata karatasi kuukuu. Huko Uganda, shirika liitwalo BeadforLife lilianza mwaka wa 2004 pamoja na wanawake waliokuwa wakitengeneza shanga za karatasi katika Kampala, likawatafutia wanunuzi ng'ambo. Huko Karen, karibu na Nairobi, bibi Susan Wood alianza mwaka wa 1975 kufinyanga shanga za udongo pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi hiyo ikakua ikawa kiwanda kiitwacho Kazuri. Na katika nchi yetu, huko Arusha, karakana ya Shanga ilianzishwa mwaka wa 2007, nayo imewapa kazi watu wenye ulemavu, ambao huyeyusha chupa kuukuu na kuzifanya shanga na vyombo. Hao wote walianza na kitu ambacho wengine walikitupa au walikikanyaga.

Shanga za karatasi ndizo nyepesi kujifunza. Twaa karatasi ya kalenda ya zamani au gazeti lenye rangi. Kwa rula na kalamu chora vipande virefu vya pembe tatu, urefu sentimeta 30, na kitako chake sentimeta 2, kisha uvikate kwa mkasi mkali. Twaa kijiti chembamba au spoki ya baiskeli. Anza kuviringa kwenye kitako, ukikaza sana, na ncha ikae katikati sawasawa. Ukilegeza, ushanga utafumuka. Ukienda upande, utakuwa kama konokono. Paka gundi kidogo tangu nusu ya kipande hata ncha, ubonyeze, uuchomoe. Kama huna gundi ya dukani, uji mzito wa unga wa muhogo wafaa, lakini mende na wadudu wengine huupenda. Kwa hiyo usiuze ushanga wa namna hii kabla ya kuupaka vanishi. Zianike siku nzima. Kisha uzitunge juu ya waya zisigusane, uzipake vanishi, zikauke, uzipake tena. Ushanga uliopakwa mara moja huharibika kwa jasho katika siku chache, na mnunuzi hatarudi kwako.

Katika kutunga, tumia uzi wenye nguvu, na fundo lifungwe mara mbili na kufichwa ndani ya ushanga. Bangili ya waya nayo itazamwe ncha zake: zikunjwe ndani na kusuguliwa kwa tupa, zisikwaruze ngozi wala kukamata nguo. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uzuri wa pambo hukaa zaidi katika fundo na ncha kuliko katika wingi wa rangi.

Hapa yatupasa kutoa maonyo mawili, maana uhai wa watoto wahusika. La kwanza: kuna mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi upande mmoja, za mmea utambaao uitwao mtipitipi. Ni nzuri sana machoni, na watu wa nchi nyingi wamezitunga mikufu. Lakini ndani yake mna sumu kali. Ganda gumu huizuia, walakini sindano ikilitoboa ganda, au mtoto akiitafuna mbegu, sumu hupata njia. Mbegu za mbarika nazo zina sumu ya namna hiyo. Msitunge mbegu hizi kabla wala msiwape watoto wazichezee. Na mtoto akizitafuna, apelekwe hospitali upesi, hata kama bado haonyeshi ugonjwa, kwa sababu sumu hii yaweza kukawia saa nyingi kabla ya kuonekana. La pili: wako watu wayeyushao risasi ya betri kuukuu za magari ili kufanya vidani na vizito vya mikufu. Mvuke na vumbi lake huingia mwilini na kudhuru akili ya mtoto, hata asiposhika kitu. Kazi hiyo isifanywe nyumbani.

Sasa tufike kwenye hesabu. Tufanye mfano tu. Kila mtu ataweka bei za kwake. Mama ametengeneza mkufu wa shanga 60. Uzi na kifungo vimemgharimu shilingi 500, vanishi 400, karatasi 100, jumla 1,000. Kila ushanga umemchukua dakika 2, yaani dakika 120. Kupaka na kutunga kumemchukua saa moja. Basi ametoa saa 3. Akiuza mkufu kwa shilingi 2,000 atafurahi, asema amepata elfu mbili. Sivyo. Elfu moja ni ya vifaa, nayo itarudi dukani kesho. Iliyobaki ni 1,000 kwa saa 3, yaani shilingi 333 na kidogo kwa saa. Kama yeye mwenyewe aona saa yake moja yastahili shilingi 800, basi mkufu ule haupaswi kushuka chini ya 3,400. Akiona soko haliwezi kutoa bei hiyo, na atafute njia ya kupunguza saa: wawili wakate, wawili waviringe, mmoja atunge. Au afanye pambo lenye shanga chache. Lakini asijidanganye. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na daftari hilo liandikwe jina la mwenye kazi. Akina baba, tuseme nanyi kwa upole: fedha ya mikufu si fedha iliyookotwa. Mkitaka kuitumia, kaeni na mama wa nyumba mshauriane, kama vile mshaurianavyo juu ya fedha ya mahindi.

Habari ya wanunuzi tumekwisha kuigusa katika mambo ya kale. Jirani hununua kwa arusi na kwa mtoto aliyezaliwa. Mgeni hununua kumbukumbu ya nchi. Hawataki kitu kimoja. Wilaya zetu zimejua jambo hili kwa njia ya pekee, kwa sababu ya wakimbizi. Wakongo walipokewa Nyarugusu, katika Kasulu, tangu mwaka wa 1996, na mwaka wa 2015 Warundi wengi walivuka mpaka, wakawekwa Nyarugusu na Nduta, kisha Mtendeli, kambi iliyofungwa mwaka wa 2021. Wengi walikuja mikono mitupu, ila usukaji wao walikuwa nao. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha mwaka wa 2018 mpango uitwao MADE51, wa kuwaunganisha mafundi wakimbizi na wafanya biashara wawezao kuwafikia wanunuzi wa mbali. Na WomenCraft ya Ngara, jirani zetu, iliuza kwa njia hiyo vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Burundi. Vikapu hivyo vilipimwa upana na rangi kabla ya kupokewa, maana mnunuzi wa mbali aliyeagiza kumi hutaka kumi vilivyo sawa.

Basi, ndugu, mwezi huu jaribuni jambo dogo. Tengenezeni shanga kumi tu za karatasi, mama na binti, baba na mwana. Angalieni saa mnapoanza na mnapomaliza, mkaiandike. Zilowesheni mbili katika maji usiku kucha, mwone kama zimefumuka. Zikisimama imara, ndipo mnunue vanishi ya mkufu mzima, na bei yake iwe ndiyo mstari wa kwanza wa daftari lenu.