Kumfundisha Mwanafunzi Namna ya Kuuliza



Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Suratun-Nahl, aya ya 43, tuwaulize wenye ilimu tusipojua. Amri hii tunaisoma sana, lakini ni wachache tunaowafundisha wanafunzi wetu namna ya kuuliza. Mwanafunzi hupimwa kwa alichohifadhi, na anayeuliza mara mbili huambiwa ni mjuaji. Kesho mwanafunzi huyo ndiye imamu, na watu wanamjia na mambo yao.

Swali ni sehemu ya ilimu

Jibril (a.s.) alipomjia Mtume (s.a.w.) aliuliza juu ya Uislamu, Imani, Ihsani na Kiyama. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza, na bado Mtume (s.a.w.) akawaambia Maswahaba kuwa amekuja kuwafundisha dini yao. Kwa hiyo swali lililopangwa vizuri ni somo kamili.

Na kinyume chake kina hatari. Abu Daud amepokea kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wenzake hao walilitazama neno "maji", wasiulize habari za jeraha.

Mfano wa mkulima wa Lushoto

Tuchukue mfano wa milima ya Usambara, ambako watu wengi wanaishi kwa kilimo. Mkulima anamwuliza mwanafunzi: "Shamba langu lina zaka?" Swali hili halijibiki bado. Mwanafunzi aliyefunzwa atamrudishia maswali matatu.

La kwanza: umevuna nini? Kwa Imam Shafi (r.a.), zaka ya nafaka na kunde iko katika chakula kikuu kinachowekwa akiba, kama mahindi na maharage. Kabichi, karoti na nyanya hazimo, ingawa fedha zake zikikaa mwaka na kufika nisabu zina hukumu yake. Imam Abu Hanifa (r.a.) anaona mboga nazo zina zaka.

La pili: umepata kiasi gani? Nisabu ni wasaki 5, yaani pishi za Mtume 300, ambazo wengi wanazikadiria kuwa kilo 600 na ushei. Mahindi hayajumlishwi na maharage kuikamilisha.

La tatu: umemwagilia kwa nini? Kilichonyweshwa na mvua au maji ya mto yanayojiendea kwa mfereji hutolewa sehemu moja ya kumi. Kilichonyweshwa kwa kuvuta maji kwa gharama, kama vile kwa mashine, ni nusu ya hiyo.

Asiyeuliza haya, ama atamdhulumu fakiri haki yake, ama atamtwisha mkulima asilolazimishwa.

Hali ni hiyo hiyo katika mirathi. "Mjane apate ngapi katika shamba?" Ni robo kama marehemu hakuacha mtoto, na thumni kama ameacha. Tena ni baada ya deni na wasia. Milimani ardhi ni haba, na kosa moja hugombanisha ndugu vizazi viwili. Ndiyo maana Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy wa Tanga alitunga kitabu cha mirathi kwa Kiswahili, ili ilimu hii iwafikie watu kwa lugha yao.

Tufanye nini?

Walimu tuwape wanafunzi visa, sio hukumu peke yake, na tuwaambie wataje yanayokosekana kabla ya kujibu. Tuwazoeze kutenganisha kilichotokea na kinachodhaniwa. Tuwaondolee haya, kwani Ummu Sulaym (r.a.) aliuliza mbele ya Mtume (s.a.w.) jambo ambalo wengi wangelionea aibu, na umma wote ukanufaika.

Lakini tuwape na mpaka. Wana wa Israili walipoamrishwa kuchinja ng'ombe waliuliza hadi wakajitia uzito. Swali la kukimbia amri sio la kutafuta ilimu.

Na mwalimu akiulizwa asilolijua, aseme: "Sijui, tutatazama." Hapo atakuwa amefundisha somo kubwa kuliko jibu.